Baridi Ikiisha

Jumatatu, 3 Juni

Kipupwe kimeingia leo bila kupiga hodi. Maji ya bomba yamenikata vidole asubuhi, na nilipotoka nje nikahisi midomo inavutika. Nimefurahi kupita kiasi. Mwezi jana mke wangu aliniambia kwa simu, "Nitarudi baridi ikiisha," na tangu siku ile naisubiri baridi ianze ili ipate kuisha. Sasa imeanza. Na iwe kali, iwahi kuchoka.

Yuko ng'ambo kwa binti yetu, alikokwenda kumpokea mjukuu wetu wa kwanza. Alikwenda kwa mwezi mmoja, mwezi ukazaa mwezi. Mjukuu ni wa kike, na bibi yake anamwita mke mwenzangu, ule utani wa mabibi wote. Mimi nasema ndoa hii ya mitala ni ya ajabu: mke mdogo kamchukua mke mkubwa, mume kaachwa na masufuria.

Kila nilipotoka kazini alikuwa akiniuliza, "Haya, leo umepika nini huko?" Maana kazi yangu ni kupika, ila vinavyopikwa haviliwi: losheni, sabuni, mafuta ya nywele. Nilikuwa nasimulia mpaka chai inapoa. Sasa sina wa kumsimulia, ndiyo maana nimeanza kuandika.

Alhamisi, 6 Juni

Kiwanda chetu ni kidogo, orofa ya pili juu ya duka la vioo. Sisi hatuna jina. Wenye chapa ndio wenye majina; wanakuja na kopo zuri na nembo, sisi tunatia cha kutia ndani. Leo amekuja mmoja, mwanamke wa rika la binti yangu. Akaniamkia vizuri, akaketi. Bidhaa zake za ngozi zinapendwa sana mjini. Sasa anataka mafuta ya midomo ya kijiti, yake peke yake, si yale ya kwenye rafu yetu yanayobandikwa lebo mpya.

Nilimwuliza anataka yaweje. Wateja wengi husema yang'ae, yasinate, yanukie matunda. Huyu alifikiri kwanza, akasema, "Mzee wangu, nataka mtu akipaka ajisikie kuna anayemsubiri nyumbani."

Bi Hapana alinitazama kwa pembe ya jicho. Huyu ndiye mkaguzi wetu wa ubora. Jina nimempa mimi, naye analijua, kwa kuwa neno hilo analitumia kuliko yote mengine. Alitaka kuona nitaandika nini. Nikaandika: laini, isinate. Lakini maneno ya yule binti nimekuja nayo hadi nyumbani, nikafungua mlango, ndani kimya.

Jumapili, 9 Juni

Simu ya Jumapili, ile ya kuonana sura. Mke wangu kajitanda shali mpaka masikioni. Nikajisemea, kumbe na huko wanatetemeka. Mtoto akalia, tukaagana.

Ijumaa, 14 Juni

Sampuli ya kwanza: nta ya nyuki, siagi ya shea, mafuta ya nazi, na mafuta ya mbarika kidogo ya kuleta mng'ao. Unayeyusha nta kwanza, sufuria ndani ya sufuria yenye maji ya moto, kisha unatia mafuta moja baada ya jingine, kisha unamimina upesi kabla haijaganda. Imetoka nzuri kwa macho. Shida ni midomo ya kuipima.

Mimi nina masharubu, yanakula nusu ya kila ninachopaka. Wenzangu kazini wanasema "nzuri" kwa kila kitu, kwa adabu. Bi Hapana anasema hapana. Miaka yote aliyenipimia ni mke wangu. Ana midomo inayopasuka upesi, midomo ya kulalamika, na ulimi usioficha kitu. Nilikuwa nampaka sampuli moja mdomo wa juu, nyingine mdomo wa chini, kisha namkataza kuongea mpaka zikae. "Kumbe unanipaka ili ninyamaze," alikuwa akisema, na hapo sampuli zimeshachanganyikana, tunaanza upya.

Nimelikumbuka hilo leo nikiwa na sampuli mkononi mbele ya kioo cha maliwato ya kiwandani, nikacheka peke yangu. Nina hamu naye, basi. Sijui niiandikeje zaidi ya hivyo.

Jumatano, 19 Juni

Baridi. Chai na mkate, nikalala.

Jumamosi, 22 Juni

Mungu si Athumani. Jirani yetu anasafiri kesho kwenda mji ule ule alioko mke wangu. Nimempa vikopo viwili vidogo. Kimoja nimeandika JUU, ndani kuna mnanaa. Kingine CHINI, ndani kuna ganda la chungwa kidogo sana, karibu kisinukie. Jirani akauliza kama ni dawa. Nikamwambia ni kazi. Akasema, basi watu wengine wana kazi tamu.

Jumapili, 30 Juni

Vikopo vimefika. Amepaka mbele yangu, juu na chini, akakaa kimya kama zamani, ananitazama. Nilimwona vizuri leo. Amenenepa kidogo mashavu. Nilitaka kumwambia amependeza, lakini binti alikuwa nyuma yake na mkwe anapitapita, nikaona aibu. Nikauliza kama inanata.

"Ya juu inachoma," akasema. "Ya chini iache kama ilivyo."

Jumanne, 9 Julai

Sasa tunaandikiana kila siku. Nauliza asubuhi: imedumu mpaka saa ngapi? Ukinywa chai inabaki? Ukiamka midomo ikoje? Anajibu kila swali, moja moja, kwa utaratibu. Nimekuwa mtu mwingine. Naamka mapema kutazama simu kama kijana aliyeposa. Leo nimemwandikia kuuliza hali ya kona za midomo, na akajibu, "Kona nzuri." Nimelisoma jibu hilo mara nyingi kuliko linavyostahili.

Alhamisi, 18 Julai

Mwenye chapa amekuja kuangalia. Mnanaa kaukataa, kasema unamkumbusha daktari wa meno. La chungwa akalinusa, akalirudisha puani mara mbili. Anataka kukiona kijiti chenyewe sasa, si kikopo. Na anataka kuuza mwanzoni mwa msimu ujao.

Jumamosi, 20 Julai

Baridi inapungua ukali saa za mchana. Nimeupaka rangi ukuta wa chumbani, upande wake wa kitanda, uliokuwa umeingia unyevu. Mlango wa jikoni aliokuwa akiulalamikia nimeuparua, sasa unafunga bila kusukumwa na goti. Jirani kaniuliza kama naoa. Nikamwambia naoa yule yule.

Alhamisi, 25 Julai

Vijiti viko tayari. Vinateleza vizuri kwenye hali hii ya hewa, havivunjiki, havikwaruzi. Bi Hapana kavigeuza geuza, akasema, "Bado kabati la joto."

Kabati la joto ni kabati la umeme tunamoacha bidhaa zipate joto la mwezi mkali kabla ya mwezi wenyewe kufika. Nikamwambia tuko kipupwe, nani atayeyuka? Akasema hapana. Nikamwambia tutaweka wiki ijayo, kwanza nivitume kwa mpimaji wangu. Akaniangalia sana. "Mpimaji wako," akasema, "anapima nini siku hizi?" Bi Hapana ana maneno yanayochoma kama mnanaa. Nikavifunga kwenye bahasha na karatasi ya maelezo, nikavipeleka kwa wasafirishaji.

Jumatano, 31 Julai

Leo nimevua sweta saa nne asubuhi. Inaisha.

Jumapili, 4 Agosti

Naandika haya nikiwa nimeketi jikoni, na sijui nianzie wapi, basi naanza na bahasha.

Ilifika jana. Mke wangu aliishika mbele ya simu nione. Chini ilikuwa imelowa mafuta. Akatoa kijiti kimoja, akafungua kifuniko, akakiinamisha. Hakikuwa kijiti tena. Kilichokuwamo kilichuruzika kama mafuta ya taa, na karatasi yangu ya maelezo ilikuwa imeangaza mpaka maandishi ya upande wa pili yanasomeka.

"Vyote, baba watoto," akasema. "Viliachwa kwenye sanduku la barua nje tangu asubuhi. Na jua la huku siku hizi si mchezo."

Nikasema, "Jua?"

"Jua. Si ndicho kiangazi chenyewe."

Nikamwuliza, mbona shali? Akacheka. Shali ni ya kiyoyozi, akasema. Mkweo kaigeuza nyumba kuwa jokofu. Nje watu wanatembea vifua wazi.

Mimi ni mkemia. Nimesoma. Najua dunia ni mviringo, na najua kwamba huku kukiwa kipupwe, kuna watu kwingine wanachomwa na jua. Ningeulizwa darasani ningejibu kabla mwalimu hajamaliza swali. Lakini moyo haukwenda shule. Aliponiambia "baridi ikiisha" mimi nilisikia baridi yangu, hii inayokata vidole bombani, na nikaishika hapo hapo, nikaanza kupaka ukuta rangi.

"Lakini ulisema utarudi baridi ikiisha," nikamwambia.

"Ndiyo. Haijaanza bado. Mtoto avuke baridi yake ya kwanza, mama yake amerudi kazini, theluji mpaka magotini, nani atakaa naye? Nilikwambia."

Aliniambia kweli. Hakunidanganya hata neno. Nilihesabu haraka haraka kichwani: baridi yake ianze, iwe kali, ichoke, iishe. Huku tutakuwa tumeshapita joto lote na mvua zote, na kipupwe kingine kitakuwa kinakaribia mlangoni.

Hapo ndipo ningesema. Kila kitu kilikuwa mdomoni tayari. Badala yake nikajikaza kisabuni, na nikajisikia nauliza, kwa sauti yangu ya kazini, "Hiyo iliyoyeyuka, ikiganda tena ukaipaka, ina chengachenga?"

Alinitazama.

"Ina chengachenga," akasema. Kisha akasema mtoto kaamka, akakata simu. Mimi sikumsikia mtoto.

Jumatatu, 5 Agosti

Asiyekuwepo na lake halipo.

Alhamisi, 8 Agosti

Hajaandika. Mimi nimeandika mara moja kuuliza kama midomo imepata nafuu. Nilipobonyeza kutuma ndipo nilipoona nilichouliza.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilimweleza Bi Hapana kwamba vijiti vimeyeyuka njiani. Nilijiandaa kusikia "nilikwambia". Hakusema. Alivaa glavu, akachukua vijiti vilivyobaki, akavisimamisha ndani ya kabati la joto, akafunga mlango, tukasimama pale wawili kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Kwanza vilitoa jasho, matone madogo juu. Kisha kimoja kikainama. Kisha vyote vikainama.

"Nazi nyingi," nikasema.

"Nazi nyingi," akakubali. Hii ni mara ya kwanza kumsikia akikubali kitu.

Alipokuwa akipangusa trei akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake. Mume wake alikaa mbali kikazi miaka mingi. "Alikuwa ananiuliza kama vitu vimefika," akasema. "Na mimi namwuliza kama vyangu vimefika. Vilikuwa vinafika, ndugu yangu. Tukawa posta mbili. Siku aliporudi kukaa, tukatazamana sebuleni, hakuna aliyekuwa na la kusema."

Akatupa kitambaa kwenye ndoo, akaenda kunawa. Mimi jina la Bi Hapana nitaendelea kumwita, maana tumelizoea wote wawili, lakini nimekoma kumwona jiwe.

Jumanne, 13 Agosti

Nazi nimepunguza nusu. Nta nimeongeza. Kimekuwa kigumu kama mshumaa, kinakwaruza. Kesho tena.

Alhamisi, 15 Agosti

Kimesimama kwenye kabati la joto, lakini kwenye jokofu kinakatika. Mwenye chapa anapiga simu kuuliza. Nimemwambia ngoja. Akasema anangoja. Ana adabu kuliko ninavyostahili.

Jumapili, 18 Agosti

Nilipiga mimi, asubuhi, kabla ya saa yetu ya kawaida. Alipokea akiwa peke yake, nywele hazijafungwa. Nilikuwa nimepiga moyo konde tangu nilipoamka. Nikamwuliza, "Umeamkaje, mke wangu?"

Akaniuliza ni nini tena, nani kafa.

Nikamwambia hajafa mtu. Nauliza tu ameamkaje.

Akageuza uso, simu ikaonyesha dari. Niliiona dari ya binti yangu kwa muda, taa ya mviringo na buibui kona. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa, na amekasirika.

"Miezi yote hii," akasema, "unaniuliza midomo yangu ikoje. Asubuhi midomo, jioni midomo. Hukuniuliza mimi nikoje."

Sikujitetea. Ningejitetea na nini? Nikamwacha aseme, na akasema. Kwamba mgongo unamuuma kwa kumbeba mtoto. Kwamba mchana wote wengine wakiwa kazini anaongea na televisheni. Kwamba binti yetu anampenda lakini anarudi amechoka, na mkwe ni mtu mzuri asiyejua la kuongea na mama mkwe zaidi ya kumwuliza kama ameshiba. Kwamba aliposema atarudi baridi ikiisha alingoja nimwambie hapana, hiyo ni mbali mno. Mimi nikamwambia sawa. Nikamwambia sawa kwa furaha, akasema, mpaka akaumia.

Nikamweleza nilichosikia mimi. Nikamweleza ukuta na mlango wa jikoni. Alinikodolea macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaziba mdomo asije akamwamsha mke mwenza. "Mkemia mzima," akawa anasema. "Mkemia mzima." Nami nikacheka, na kati ya kicheko nikamwambia kwamba nina hamu naye mpaka nyumba imekuwa kubwa. Nilisema hivyo hivyo, bila kutafuta maneno.

Akatulia. Akasogea karibu na simu.

"Ile ya chungwa uliyoleta kwanza," akasema, "siipaki tena. Niliacha siku ya pili. Nilikuwa nakudanganya tu kwamba imedumu."

Nikamwuliza ameitupa?

"Naiweka chini ya mto. Nainusa. Inanukia wewe ukirudi kutoka kazini."

Majibu yote yale ya Julai, saa na kona na chai, alikuwa akiyabuni ili niendelee kuandika. Hakuna kipimo hata kimoja cha kweli. Kazi yote inabidi ianze upya, na sijawahi kufurahia data mbovu namna hii.

Lakini kurudi hawezi. Amemwahidi binti yetu, na mimi nisingependa avunje ahadi kwa mwanawe. Tuliagana vizuri. Baada ya hapo nilikaa kitandani, upande wake, nikitazama ukuta mpya.

Ijumaa, 23 Agosti

Kimepatikana. Nazi kidogo, mbarika zaidi, na nta mbili badala ya moja, ya nyuki na ya mmea. Kimesimama kwenye joto, hakikukatika kwenye baridi, na siagi tumeipoza upesi isifanye chengachenga. Bi Hapana alikipaka mwenyewe, akafunga mdomo, akafungua. Tukangoja. "Ndiyo," akasema. Fundi wa mashine alishusha alichobeba ageuke kumtazama.

Harufu nimeiacha ya nta yenyewe na chungwa karibu lisinukie.

Alhamisi, 29 Agosti

Mwenye chapa amekuja. Alikipaka, akakaa na mikono mapajani. Akasema, "Mzee wangu, hii ni harufu ya nini?" Nikamwambia ya kazini kwangu. Akasema anaichukua, asibadilishe kitu. Alipokuwa akiondoka niliona anageuka mlangoni na kuilamba midomo kidogo, kosa wanalofanya wote. Sikumkemea.

Jumatatu, 2 Septemba

Sasa ni joto kweli. Usiku nimefungua madirisha. Miezi mitatu nimekuwa naiombea baridi hii iishe, na sasa imeisha, na chumba ni kile kile. Nimekaa nikafikiri. Yeye ameahidi kukaa. Mimi sikumwahidi mtu yeyote kwamba nitabaki hapa.

Jumanne, 3 Septemba

Nimemwomba bosi likizo zangu zote, zile nilizokuwa nikizilimbikiza kana kwamba zinaoza nikizitumia. Aliuliza nani atapika. Bi Hapana alikuwa akipita na trei. "Mimi," akasema, bila kusimama.

Jumapili, 8 Septemba

Nilimwambia. Akaenda kumchukua mjukuu, akamleta mbele ya simu, akamwambia, "Mke mwenzangu, jiandae. Bwana wetu anakuja." Kisha akaniuliza kama nina nguo za kuvaa huko.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimezunguka mji mzima. Mwishowe, nyuma kabisa ya duka moja la mitumba, nikalikuta limening'inia peke yake: koti zito, refu hadi magotini, lenye manyoya shingoni. Nililijaribu pale pale. Jasho lilinitoka papo hapo, likanitiririka mpaka kwenye masharubu. Muuzaji alikuwa akijipepea na kipande cha boksi. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza koti lote hilo la nini, mzee, na jua hili.

Nikamwambia baridi inakaribia kuanza.

"Wapi?" akauliza.

"Kwetu," nikamjibu.